Kilima Kama Andazi

Kilima changu cha kwanza kilitoka kama andazi:
kimeumuka, cha mviringo, hakina kosa.
Nikakipaka kijani, nikapanda minazi mia
kwa safu, kama wanafunzi wa gwaride.

Dada Mkasi, katoka kondeni, tope hadi magotini,
akakiinamia kioo cha kompyuta:
"Na mvua ikinya huku kwako,
maji yapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Umeme nao ukakatika.

Asubuhi tukatoka Wete, tukashuka bonde la Mtambwe,
manyunyu ya vuli yakitupiga kisogoni.
Nikaona udongo mwekundu ulivyochanwa,
mchirizi ukitafuta mchirizi mwenziwe,
mizizi ya mkarafuu iking'ang'ania ukingo,
na njia ya miguu iliyonyooka, kisha, ghafla,
ikapinda pasipo na kitu.

"Palikuwa na mfenesi," alisema Mkasi.
"Zamani. Hata mimi sikuuona."

Usiku nilianza na maji.
Nikayaacha yachimbe; kilichobaki kikawa mlima.
Nikapanda mfenesi mmoja, nikaipindisha njia,
kisha nikaufuta mfenesi.

Watakaocheza watakimbia na bunduki zao,
watapinda pale pale,
wala hawatauliza.