Kibali cha Siku Tatu

Saskatoon, Februari, hasi thelathini na mbili.
Tumekaa watano kwenye kamati ya ajira,
wa tano ni mimi, mtoto wa Wundanyi,
nadhani niliwekwa ili meza isiwe nyeupe pe.

Mwenyekiti, Profesa Lindqvist, anafungua kikao
kwa kikaratasi kisomwacho kabla ya kila mkutano:
ardhi hii ni ya Wakrii, ni ya Wametisi, tunashukuru.
Anakikunja, anakirudisha mfukoni.
"Haya. Ajenda ya kwanza."

Nafasi ni ya sosholojia: ukoloni na watu wa asili.
Tangazo, nusu yake niliandika mimi.
"Awe na uzamivu, machapisho, na uhusiano hai na jamii."
Hilo neno "hai" nililipigania wiki mbili,
Pruett akitaka kujua uhai utapimwa kwa kipimo gani.

Wa kwanza alileta slaidi sitini
na hamkuwa na mtu hata mmoja ndani.
Wa pili alizijua nadharia zote kwa majina ya ukoo,
akanena dakika arobaini bila kuutaja mto
unaopita chini ya dirisha letu.

Wa tatu alibisha hodi.
Nilisikia vizuri: mwenyeji ndiye aliyebisha,
wageni tukamjibu, karibu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa;
hawakutuambia asipoondoka inakuwaje.

Delphine Okemaw. Kaendesha gari saa tano kutoka kaskazini.
Buti kaziacha mlangoni zikidondosha maji,
akaingia na soksi za sufu, moja imetobolewa na kidole.
"Sina slaidi," alisema. "Nina karatasi."

Akaisukuma mezani, nakala, wino umefifia:
"Mwenye kibali hiki anaruhusiwa kutoka hifadhini
kwa siku tatu, kwenda kuuza nyasi.
Bunduki: hapana."
Saini ya wakala. Jina la baba wa bibi yake
limeandikwa kama chafya ya mtu.

Mkono wangu ulipanda shingoni wenyewe.
Babu Mghendi alivaa kipande hapo,
ndani ya kibati, kwa kamba, kama kengele ya mbuzi,
akienda kukata mkonge Mwatate
na kurudi na namba badala ya jina.
Nimevuka bahari mbili kuja kukutana na kibati chake.

Pruett akakohoa. "Sampuli ya mtu mmoja?
Na swali la utafiti ni lipi?"
"Siku ya nne," akasema.
"Kibali kiliisha siku ya tatu. Yeye alirudi siku ya saba.
Kwetu wakisimulia bado wanacheka.
Nataka kujua wakala aliandika nini kitabuni,
na kwa nini wanacheka."

Kisha ikafika zamu yake kutuuliza.
"Mkataba huu ni wa muda gani?"
"Mitatu," alisema Lindqvist. "Miaka mitatu. Unaweza kurefushwa..."
Akajisikia. Akaiweka kalamu chini kama imemuunguza.
Hakuna aliyecheka. Yeye tu, kidogo, puani.

Fomu inasema: uhusiano hai na jamii, moja hadi tano.
Nilikaa na kisanduku hicho mpaka kahawa ikapoa.
Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Upande gani, sisemi;
barua haijatoka, na mimi nina kiapo.

Usiku nikampigia mama, kwake kunakucha.
Kipande cha babu kiko wapi?
"Kile kibati?" Akacheka, kicheko cha mtu mwenye jembe mkononi.
"Karatasi nyanya yako aliichochea jikoni mwaka wa uhuru.
Humo akatia ugoro.
Alisema ni kibati kizuri, kifuniko chake hakiruhusu hata unyevu."