Sale Mpakani

Mchungaji amenipa kazi mimi, Ndeonasia:
nisuke taji la Majilio.
Mishumaa anayo, minne, ya zambarau,
kaitoa mjini Moshi imefungwa kwa gazeti.
Majani, kasema, tafuta mwenyewe,
yasiyonyauka mapema.

Na lipi lisilonyauka huku Machame
kama si sale?
Ulikate, ulisahau dirishani ndani ya kopo,
wiki ya tatu linatoa mizizi.

Basi nimeshuka kihambani na kisu.
Umande umelowesha pindo la kanga,
mlima umejifunika tangu Jumanne.
Masale yangu yako upande mmoja tu:
mpakani.
Mpaka alioupanda baba mkwe,
akaung'oa shemeji yangu Elinaja
matanga ya kaka yake hayajapoa,
akausogeza hatua tatu, hadi mferejini,
na migomba yangu sita ikalala kwake.

Miaka tisa.
Miaka tisa tunaikaribia Meza moja ya Bwana,
yeye benchi la kulia, mimi la kushoto,
na tukitoka kila mtu anatazama viatu vyake.

Mwasema Majilio ni kungoja.
Kungoja nakujua.
Nimengoja baraza la ardhi,
nimengoja kahawa ipande bei,
nimengoja gari la Desemba lilete watoto,
na mwaka huu Kundaeli kasema, Mama, labda Pasaka.
Kungoja kwangu kuna meno.
Nafagia ua, napaka ukuta chokaa,
nasema Njoo, Bwana Yesu,
na moyoni naongeza:
njoo na kamba ya kupimia.

Nikashika jani la kwanza, nikakata.
Likalia kama kitambaa kinachochanwa.
Mkono ukakumbuka kabla ya kichwa:
sale si uzio tu.
Hapa kwetu aliyekosa alilifunga fundo,
akaenda kusimama uani kwa aliyemkosea,
bila maneno mengi.
Na aliyekosewa hakuwa na pa kukimbilia.
Ugomvi uwe wa ng'ombe, uwe wa damu,
sale halirudishwi.

Nikakaa chini, topeni,
mwanamke mzima na kisu.
Baina yangu na Mungu, nani amekosa?
Tangu Edeni, nani kasogeza mpaka?
Ilitupasa sisi kupanda kwake na jani mkononi.
Lakini tazama, ni yeye anayeshuka.
Asiyekosa ndiye aliyebeba sale.
Anakuja mdogo,
shingo haijakaza,
kafungwa nguo za kitoto,
hana hata neno la kujitetea.

Kumbe anayengoja si mimi!
Siku zote hizi nachungulia barabarani,
naye yuko mpakani, miguu imeloa,
ananisubiri nimalize kesi yangu.

Taji nimelisuka. Si duara la kujivunia,
upande mmoja umevimba kama shavu lenye jino bovu.
Jumapili mtoto wa kipaimara atawasha mshumaa wa kwanza,
na umeme ukikatika kama kawaida yake,
sitanung'unika.

Jani moja nimelibakiza.
Nimelifunga fundo,
liko mezani kando ya chumvi.
Sisemi nitalipeleka leo.
Ile migomba ni yangu, Bwana anajua,
na tena aliyekosa si mimi,
na miguu yangu si ya malaika.
Lakini Jumapili ziko nne.
Na toka mlango wangu hadi wa Elinaja
nimehesabu usiku, kitandani, macho makavu:
hatua sitini na mbili.
Nikizisamehe zile tatu,
hamsini na tisa.