Uwili

Mhakiki wa jarida ameniandikia kutoka ng'ambo,
mistari minne, adabu tupu:
kwa nini mtu wa Dodoma ashughulike na Kislovenia?
Nimeisoma mara mbili, umeme ukakatika,
ya tatu nikaisoma kwa tochi ya simu.

Babu yake, nadhani, hakuulizwa
alipofika Mvumi na daftari na kofia
kuhesabu ngeli za Cigogo.
Alipewa kigoda, akapewa ugali wa uwele na mlenda,
akaondoka na maneno elfu mbili
wala hakuna aliyesema: wewe, yanakuhusu nini?

Mama Chiduo, muuza karanga wa Ng'ong'ona,
aliuliza vizuri zaidi:
"Hao watu wako wako wangapi?"
Milioni mbili na ushei.
"Aa, kumbe ni kama sisi,"
akafunga karanga kwa ukurasa wa rasimu yangu.
Jedwali la tatu likaenda nyumbani kwa mtu, lina chumvi.

Basi nieleze ninachokichimba.
Sisi tuna mmoja, kisha tuna wengi.
Mbukwa, kwa mmoja.
Mbukwenyi, kwa wawili, au kwa harusi nzima.
Wao katikati wamejenga chumba:
jaz, mimi;
midva, sisi, wawili tu, mlango umerudishiwa;
mi, sisi, na waingie wote.
Hata kitenzi kinajua. Greva: twaenda wawili.
Akitokea wa tatu njiani, neno linabadili viatu.

Nilimsimulia mama haya kule Hombolo
tukipogoa mizabibu, baba ana mwaka wa nne ardhini.
Akakata tawi. Akakata jingine.
"Na macho? Na miguu? Si viwili viwili?"
Hapo ndipo penye tanbihi yangu ya kumi na nne:
macho, mikono, miguu, huvitaja kwa wingi tu.
Kilichozaliwa jozi hakihesabiwi.
Uwili ni wa waliokutana.

Mama alinyamaza safu nzima ya mizabibu,
mkasi pekee ukisema.
"Na mmoja akiondoka, anayebaki wanamwitaje?"

Nimepekua sarufi tano.
Nimemwandikia mzee mmoja wa isimu, Ljubljana;
akajibu kwa upole, baada ya siku tisa:
hurudi kuwa jaz,
neno lile lile la asiyewahi kukutana na mtu.

Usiku huu namjibu mhakiki.
Mbinu: hojaji, watoa taarifa kumi na wawili, kwa simu.
Mipaka ya utafiti: nauli.
Sababu ya utafiti:
hapo kishale kinapepesa tu, kama jicho lenye vumbi.

Simu ikaita. Mama, sauti imechoka.
"Zabibu tumevuna," akasema.
Nani na nani, sikuuliza.
Nimeiandika, na tarehe, na saa,
mfano wa ishirini na saba,
nikaacha wazi pa kuweka tafsiri.