Herufi Moja

Jumatatu, saa mbili, orofa ya pili, Tudor.
Pangaboi linazunguka kwa shingo upande,
na vijana arubaini wa mwaka wa kwanza
wameweka vikokotoo mezani
kana kwamba insha nayo ina jibu ukurasa wa mwisho.

"Mwalimu," asema Kitsao, "sisi ni mainjinia.
Kuandika tuwaachie mawakili."
Wakacheka. Nami nikacheka, sikatai.
Kisha nikatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne,
ina doa la grisi pembeni na tundu la msumari,
niliyoibandua ukutani Mtongwe,
kibanda cha pampu.

Maagizo sita. La tatu lasema:
*Kabla ya kuwasha, funga koki ya upande wa kisima.*

Dzombo, mlinzi wa pampu, husoma kwa kidole,
neno baada ya neno,
kama asomaye barua ya mwanawe aliye mbali.
Alifunga.
Mtambo ukavuta hewa, ukanguruma mkavu,
ukanuka mpira ulioungua,
na mtaa ukakaa siku tisa bila tone,
wenye mikokoteni wakijipangia bei ya mtungi.

"Kosa liko wapi?"
Pangaboi pekee ndilo linalosema.
Kisha Mwanatumu, kiti cha nyuma,
ambaye tangu muhula uanze hajafungua kinywa:
"U," akasema. "Imekosekana u. *Fungua.*"

U moja.
Haina uzito kwenye mizani ya maabara,
haimo kwenye fomula yoyote mliyokariri.
Lakini marehemu nyanya yangu,
aliyepima mashairi kwa vidole vya mkono mmoja
huku mwingine ukikoroga uji,
angeidaka papo hapo:
*mizani imepungua, rudia.*

"Na huyo injinia," auliza Kitsao, "alifukuzwa?"

Nikaigeuza karatasi.
Tarehe. Muhuri wa mkandarasi uliofifia.
Na saini ile ile wanayoijua,
iliyo chini ya kila zoezi lao
kwa wino mwekundu.

Hakuna aliyecheka.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi, niliwaambia,
hadi nukta ya tatu.
Nilikwenda Mtongwe nikitarajia matusi,
nimejiandalia na majibu njiani.
Dzombo alinivutia kigoda, akanipa maji
ya kununua,
akasema tu:
"Mimi nilifanya ulivyoniambia."

Haya. Toeni kalamu.