Ndama wa Nani

Elikana, umeandika mbili.
Umeiandika kwa peni ya bluu nyuma ya risiti ya mafuta,
ukaisukuma kati ya sahani yangu na chupa ya pilipili
kama mtu anayerudisha chenji.

Asilimia mbili.
Hapa Ilazo upepo wa Julai unaingia kwa mlango wa nyuma,
unainyanyua risiti, nami naikandamiza kwa kidole
nisije nikaonekana nimeikataa kabla sijaisoma.

Wazo ni lako, sibishi.
Ni wewe uliyesimama Iyumbu na ndoo saba tupu
ukiwapigia madereva wa maboza, mmoja hapokei,
wa pili anataja bei ya kumkomoa mgeni,
ukasema: ingekuwepo njia ya mtu kuona boza liko wapi.
Ulisema. Ukalala.
Mimi sikulala.
Miezi kumi na moja, kwenye kompyuta iliyong'oka herufi H,
nabonyeza kinundu cha mpira kilichobaki
kila ninapoandika hapa, huko, haijalipwa.
Neno hisa nalo linaanzia hapo.
Siku hizi kidole kinaniuma.

Unasema mtaji ni wa mjomba wako, milioni sita.
Unasema kampuni imesajiliwa kwa jina lako, na la mjomba.
Unasema, na hapa unashusha sauti, "Nyemo, wewe ni familia,"
nami najua familia ni neno la kupunguzia bei.

Sikiliza. Babu yangu kule Mvumi alichunga ng'ombe wa watu.
Alipewa mitamba sita na mwenye duka mmoja wa Mpwapwa,
mkataba wa mdomo, wa siku nyingi:
maziwa yako, samadi yako,
ndama wa mwenye ng'ombe.
Miaka tisa. Tulikunywa, tukashiba, mtama wetu ukastawi,
hakuna aliyetudhulumu, elewa hilo, hakuna.
Siku mwenyewe alipokuja na malori walipakiwa thelathini na wanne,
na babu ndiye aliyewaita kwa majina, mmoja mmoja,
maana hawakumjua mwingine.
Zizi likabaki na harufu.

Laki tatu unayonilipa, mwezi inapotoka, ni maziwa.
Nashukuru kwa maziwa.
Naulizia ndama.

Nikaandika kumi na tano.
Ukacheka, ukaagiza soda nyingine,
ukasema mwekezaji akija atakuta chungu kimekombwa.
Nikasema akija atauliza nani anajua kukiinjika.

Ndipo simu yako ikaita. Dereva Masima,
yuko Nala na lita elfu kumi mgongoni,
programu imeganda, haoni oda hata moja.
Ukanitazama.
Ningeweza kumalizia chipsi zangu, Elikana.
Haki ya Mungu ningeweza.
Dakika moja ya kimya ingenipa asilimia tatu.
Lakini kuna mama huko Nala amepanga madumu tangu alfajiri
na hajui kama mimi nipo duniani.
Nikafungua kompyuta. Kosa lilikuwa langu, la juzi,
mstari mmoja tu. Nikaurekebisha.
Masima akapiga honi mpaka mhudumu akageuka.

Sasa rudisha risiti hapa.
Tisa, unasema. Kumi na moja, nasema,
ziive kidogo kidogo kwa miaka minne, sawa,
nikiondoka kabla ya mwaka nisipate hata tone, sawa,
ila mwaka huo uanze kuhesabiwa siku nilipoandika mstari wa kwanza,
si siku mjomba alipotoa hela.

Umenyamaza. Unakuna shingo.
Umeandika kumi, na tisa hukuifuta.

Haya. Usiku nitaichapa, kurasa mbili,
kila H kwa kidole hiki hiki.
Usitie sahihi kabla hujamwambia mjomba,
nami sitatia kabla sijasoma mara ya pili.
Chipsi najilipia mwenyewe.
Risiti yake naitunza.