Kijiko kwa Kijiko

Mtungi wa lita ishirini, shilingi thelathini:
ndiyo bei yangu Mishomoroni mifereji ikikauka.
Siku hiyo nilikuwa na mitungi kumi na minne
na mteja mmoja asiye na mfuko.

Alilala chini ya mkokoteni,
katikati ya magurudumu, kivulini mwa maji yangu.
Nikampigia mluzi. Sikio moja likasogea, basi.
Ulimi mkavu kama ng'onda,
macho yamezama kama ya mtu aliyefunga bila daku.

Sijui mambo ya mbwa.
Kwetu mbwa ni kiumbe wa nje ya mlango;
akilamba sufuria, sufuria huoshwa mara saba,
na moja ya hizo kwa mchanga.
Lakini kiu naijua.
Kiu ndiyo inayonilisha.

Nikamjazia bakuli, lile lililopasuka ukingo.
Akanywa kwa pupa, akayatapika yote
juu ya ndara zangu.

"Unamuua kwa ukarimu," sauti ikasema nyuma yangu.
Ndivyo nilivyomjua Nyevu, daktari wa mifugo,
anayezunguka na mkoba kutibu mbuzi wa watu.
Jina hilo, saa saba ya kaskazi! Nusura nicheke.
Akachuchumaa. Akafinya ngozi ya mabega,
akaivuta juu, akaiachia.
Ngozi ikabaki imesimama
kama kanzu iliyotiwa wanga.
"Hesabu," akaniambia.
Moja.
Mbili.
Tatu, ndipo ikashuka, pole pole, bila hamu.
Akabonyeza ufizi. Ukamnata kidole.

"Huyu amekunywa nini?"
Mwanakombo wa mahamri akajibu kutoka barazani:
ya kile kisima cha nyuma, kilichoingiliwa na bahari,
tangu juzi.
Sote twajua chumvi yake, twafulia tu.
Yeye angeambiwa na nani?

Nyevu akamtia sindano chini ya ngozi,
mfuko wa maji ukining'inia kwenye mpini wa mkokoteni,
na mbwa akaota nundu:
ngamia mdogo wa Mishomoroni.
Kisha akanikabidhi kijiko cha chai.
"Kimoja. Ungoje. Akikaa nacho, kingine.
Na nguo mbichi miguuni na tumboni,
si barafu, nisikusikie na barafu."

Haba na haba. Nilidhani methali hiyo ni ya pesa.
Wateja wakapita na ndoo zao:
"Leo wauzia mbwa?"
"Huyu ni wa mkopo," nikawaambia,
mkono umekufa ganzi, kijiko kikitetemeka,
nikimngoja ameze kama nilivyomngoja mwanangu
mwaka ule wa kipindupindu,
ambao siuzungumzi.

Alasiri ikaadhiniwa. Akanyanyua kichwa.
Magharibi akasimama, akayumba,
akalikojolea gurudumu langu,
mkojo mzito, rangi ya chai ya mkandaa,
na Nyevu akapiga makofi
kama aliyeletewa matokeo mema ya mtihani.

Usiku nikaosha mikono mara saba,
moja kwa mchanga.
Nyevu aliniona, hakusema neno.
Maji hayo yalitoka kwenye mtungi wangu.
Sikuyapigia hesabu.

Sasa kuna makopo mawili,
moja ukutani, moja chini ya mkokoteni,
maana aliniagiza: asiwe na umbali wa kufikiria.
Nayamwaga ya jana hata kama ni masafi.
Siku za joto kali namtilia dafu kidogo;
analipenda kuliko mimi, na halijui bei.

Daftari la madeni, ukurasa wa mwisho:
Mbwa, nusu mtungi.
Bado sijampa jina. Jina huwa na gharama.
Ila kila alfajiri kabla sijasukuma
namfinya ngozi ya mabega, naiachia,
na inarudi
sijafika hata moja.