Kipaza Sauti

Simu ni ya mama. Kioo kina ufa
unaompasua mwalimu Sechambo katikati ya uso,
na kila anaposema "tuendelee"
anaganda, mdomo wazi,
kiduara kinazunguka kama ndama aliyefungwa kambani.

Nimekaa juu ya mnara wa simtanki, Hombolo,
ndipo mtandao unaposhika, vijiti viwili,
jua la Septemba linanila shingo.
Bando la mia tano. Nimezima picha, nibane matumizi.
Sauti nikaisahau.

Chini, mama na dalali wa zabibu:
"Elfu moja kilo? Baba, kavune mawe!"
"Mama, soko limelala."
"Basi kaliamshe!"

Kipindi kikanyamaza.
Majina arobaini na mawili kwenye vijisanduku
yanamsikiliza mama yangu.
"Ndahani," mwalimu akasema, "zima kipaza sauti."
Nilitamani tangi linimeze.

Ujumbe ukaingia pembeni, kwa siri,
kutoka kwa Yunisi Chidawali, ambaye darasani
hatujawahi hata kuazimana rula:
*Mwambie asikubali. Niko kibandani, Majengo.
Hapa leo ni elfu mbili na mia nane.*

Nikashuka ngazi mbilimbili.
Mlinganyo wa pili ukapita bila mimi.

Mwisho wa muhula ripoti ikasema:
mahudhurio hafifu.
Mama akaisoma, akaikunja, akaitia chini ya godoro.
Jumatatu akanivua shuka alfajiri,
simu imejaa chaji, bando la wiki nzima:
"Amka wewe.
Leo hamna kipindi?"